Ampli ya integre au vipande? Uzi kwa wapenzi wa muziki wa nyumbani Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu kutoka Kampemba.

Kuna swali halikomi humu: "Nina pesa kidogo imekaa. Nichukue ampli moja yenye kila kitu ndani (integre), au nikusanye vipande, preampli yake na ampli ya nguvu yake?" Majibu mengi yanayotolewa yameokotwa kwenye video za watu wa Ulaya na Marekani, watu ambao wakibonyeza swichi umeme upo na volti zimetulia. Sisi hatuishi hivyo. Ndiyo maana naandika uzi huu kwa urefu, maana muziki wa nyumbani naupenda kwa dhati na inaniuma kuona mtu anatoa akiba ya mwaka mzima halafu anarudi kusikilizia simu.

Msimamo wangu nauweka mbele. Kwa nyumba nyingi za mji huu, nunua integre nzuri yenye matundu ya preampli nyuma yake. Vipande vina mahali pake, nami nitapaonyesha, ila mahali hapo ni padogo kuliko wauzaji wanavyotueleza. Na kabla ya yote hayo, kuna mambo mawili yanayoamua: bafle zako (masanduku ya spika) na umeme wa nyumba yako.

Ampli yoyote ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchagua chanzo (simu, sidii, redio, santuri) na kupandisha au kushusha sauti; hii ndiyo kazi ya preampli. Kwa santuri inabidi pia kukuza ishara ambayo ni ndogo mno, kama milivolti tano hivi. Ya pili ni nguvu: kuichukua ishara ile na kuipa mkondo wa kutosha kusukuma spika ya besi mbele na nyuma. Integre inafanya zote mbili ndani ya sanduku moja, mara nyingi kwa transfoma moja. Kwenye vipande kila kazi ina sanduku lake na transfoma yake. Wengine huenda mbali zaidi, ampli ya nguvu moja kwa bafle ya kulia na nyingine kwa ya kushoto.

Sababu ya kutenganisha ni ya kweli, sitaki mtu aseme nimeificha. Transfoma kubwa hutawanya uga wa sumaku pembeni mwake, na sehemu ya santuri inayohangaika na zile milivolti tano huuokota uga huo ukawa mvumo. Tena besi kubwa inapopigwa, volti za ndani huyumba, na preampli inayokula kwenye sahani moja na sehemu ya nguvu huyumba nayo. Ukizitenga, matatizo hayo mawili hupungua. Ila mhandisi mzuri anajua kuyapunguza hata ndani ya sanduku moja: anaweka transfoma kona ya mbali na njia za ishara, anatumia transfoma ya mviringo isiyotawanya sana, na anaipa preampli njia yake ya umeme uliosafishwa.

Vipande havikuzaliwa kwa sababu ya sauti peke yake. Quad ya Uingereza ilipotoa Quad II mwaka 1953, ampli ya valvu (mirija ya kioo ya zamani ya kukuzia ishara) ya upande mmoja, preampli ilikuwa kando kwa sababu valvu zinachoma na transfoma ni nzito; unaficha mzigo kabatini, mezani kinabaki kile cha kushika. Santuri za stereo zilipoingia sokoni mwaka 1958, kila kitu kikawa viwili viwili, na kuvikusanya ndani ya sanduku moja kukawa na maana. Transista zikamaliza kazi. Mwaka 1978 ikaja integre ya NAD 3020 iliyosanifiwa na Erik Edvardsen: wati 20 tu kwa kila upande kwenye karatasi, lakini kwa vishindo vifupi vya muziki iliweza kutoa karibu mara mbili ya hizo, na haikuogopa bafle ngumu. Nyuma yake ilikuwa na matundu ya kutenganisha preampli na nguvu. Hata kampuni ya Naim, waliojijengea jina kwa vipande na ampli yao ya NAP 250 ya 1975, walikuja kutoa integre ndogo mwaka 1983, Nait, na watu wanaitafuta hadi leo. Kwa hiyo anayekwambia integre ni ya wanaoanza tu, mwambie aangalie historia.

WATI

Hapa ndipo tunapoibiwa zaidi. Chukua bafle ya kawaida yenye desibeli 88: ukiipa wati 1, mtu aliyekaa mita moja mbele yake anapata desibeli 88, ambayo tayari ni sauti ya kumfanya jirani ajue unasikiliza nini. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka ampli ya wati 60 kwenda ya wati 200 unapata kama desibeli 5. Desibeli hizohizo 5 unazipata bure ukichagua bafle ya 91 badala ya 86. Sebule zetu nyingi, mita nne kwa tano, sakafu ya saruji au vigae, ukuta wa matofali, zinarudisha sauti nyingi sana. Siku nyingi humo unatumia wati moja au chache.

Kwa hiyo usiulize wati ngapi, uliza bafle yako ni ngumu kiasi gani. Bafle iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha kizuizi kwa mkondo wa umeme) inaweza kushuka hadi 4 au 3 kwenye besi, na pale inavuta mkondo mwingi. Angalia karatasi ya ampli: kama inatoa wati 60 kwa omu 8 na 100 au zaidi kwa omu 4, hiyo ina transfoma ya kweli. Kama omu 4 haikutajwa kabisa, kuwa mwangalifu. Na zile za sokoni zilizobandikwa "1000 W" usoni, zigeuze nyuma usome kibati cha matumizi ya umeme. Kibati kikisema inakula wati 60 kutoka ukutani, basi haiwezi kutoa 1000 kwa miujiza yoyote. Soma nyuma kwanza, mbele baadaye.

UMEME

Hii sehemu nataka muisome polepole.

Kwenye karatasi tuna volti 220, mizunguko 50. Jioni kila mtu akiwasha resho (jiko la umeme), volti zinashuka. Usiku wa manane zinapanda. Halafu kuna delestaji, mgao wa umeme. Umeme ukikatika si shida kubwa kwa ampli. Shida ni unaporudi: unakuja kwa kishindo, unaondoka, unarudi tena, na kila kilichoachwa kimewashwa kinapigwa mara zote hizo.

Sasa kumbuka kanuni ya vipande ambayo kila mtumiaji wa Ulaya anaijua: kuwasha, preampli kwanza, ampli ya nguvu mwisho, kuzima, ampli ya nguvu kwanza. Sababu ni kwamba preampli inapowaka inatoa kishindo cha volti, na ampli ya nguvu ikiwa tayari macho itakikuza na kukitupa kwenye spika. Kanuni nzuri. Lakini umeme wetu haufuati kanuni hiyo. Unarudi saa tisa usiku wewe umelala, swichi zote umeziacha zimewashwa, vyote vinawaka pamoja. Ampli nyingi za nguvu za zamani hazina rilei ya kusubiri, yaani swichi inayojifunga yenyewe. Spika yako ya besi ndiyo inayopokea. Integre iliyotengenezwa vizuri ina rilei kwenye mlango wa mwisho kabisa, inasubiri sekunde kadhaa hadi ndani kote kutulie, ndipo inapofungulia bafle. Ile "tak" unayoisikia ndiyo yenyewe. Rilei moja imelinda kazi zote mbili. Kwangu hii ni hoja nzito kuliko maneno yote ya "upana wa jukwaa".

Hesabu ya betri pia. Wengi wetu sasa tuna inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na betri ya volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1200, na kama ni ya asidi usitumie zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo 600. Toa kinachopotea ndani ya inveta, unabaki na kama 520. Integre ya kawaida ya daraja AB ukisikiliza kwa upole inakula kama wati 50: saa kumi. Preampli, ampli ya nguvu kubwa na visanduku vyao, tuseme jumla ni wati 100: saa tano. Ampli ya daraja A, hata ya wati 25 tu, inaweza kula 200 muda wote hata kama hupigi kitu: saa mbili na nusu, tena sebule imekuwa jiko. Ndogo ya daraja D, inayogeuza karibu asilimia 90 ya inachokula kuwa sauti, inakula 20 au chini ya hapo, na utasikiliza mchana kutwa na usiku. Na inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi-ngazi zinafanya transfoma ingurume, na mngurumo huo unaingia kwenye muziki.

Kwa hiyo mwenye dola 600 mkononi, mimi ningemgawia hivi: karibu nusu kwenye bafle, mia moja na kitu kwenye stabilizata, kifaa cha kutuliza volti, na kinga ya umeme (uwezo wake uwe mkubwa kuliko jumla ya matumizi, usinunue ya kubana), na kinachobaki kwenye integre ya okazi, yaani iliyotumika, yenye afya. Waya wa bafle usikutie wazimu: waya wa shaba wa nyumba wa milimita mraba 2.5 una kama omu 0.07 kwa umbali wa mita tano kwenda na kurudi. Unatosha kabisa. Sisi watu wa mji wa shaba tusiuziwe waya kwa bei ya dhahabu.

Vumbi nalitaja tu kwa kupita. Kuanzia Mei hadi Septemba linaingia kila tundu, kwa hiyo funika ampli kwa kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa, uifungue ikiwa inafanya kazi. Masika, radi ikianza kunguruma, chomoa prizi pamoja na waya wa antena.

VIPANDE VINAPOKUWA NA MAANA

Bafle zako ni ngumu kweli na integre yako inachoka: inachemka, inajizima kwenye besi, au sauti inakuwa kali ukipandisha. Hapo ongeza ampli ya nguvu, ukitumia matundu ya preampli ya integre ileile. Hutupi kitu. Hii ndiyo sababu nasisitiza matundu yale tangu mwanzo.

Au una santuri nyingi na sikio lako liko kwenye ukimya kati ya nyimbo. Kisanduku cha santuri cha kando, kilichowekwa mbali na transfoma, kitakupa tofauti unayoisikia bila kuambiwa.

Au chumba ni kikubwa na unataka ampli ikae karibu na bafle, waya wa ishara ndio uwe mrefu.

Nje ya hayo, ukichanganya vipande vya nasibu unajitafutia kazi. Preampli na ampli ya nguvu lazima zipatane. Kizuizi cha kutokea cha preampli kiwe chini angalau mara kumi ya kizuizi cha kuingilia cha ampli ya nguvu. Omu 600 kwenda omu 20,000 ni sawa, ila valvu yenye omu 3,000 kwenda 10,000 besi itapungua. Ukuzaji nao: chanzo cha sidii kinatoa volti 2, ampli nyingi za nguvu zinafika mwisho kwa volti 1 hivi. Preampli yenye ukuzaji mwingi katikati itafanya kitufe cha sauti kitumike nyuzi chache tu mwanzoni, hapo ambapo vitufe vya zamani havilingani kushoto na kulia, na mvukemvuke wa nyuma (ile "sss") utausikia hata muziki ukinyamaza. Ndani ya integre mtengenezaji amekwisha kukupigia hesabu hizo.

KABLA YA KUTOA PESA KWENYE OKAZI

Soma kibati cha volti. Vitu vilivyotumika Japani ni volti 100, vya Marekani 120. Ukikichomeka kwenye 220 yetu utasikia harufu kabla ya kusikia wimbo.

Nenda na multimita. Washa ampli bila bafle, subiri "tak" ya rilei. Isipolia kwenye ampli yenye rilei, kuna kitu ndani. Ikilia, weka multimita kwenye milivolti za mkondo mnyoofu (DC), gusa matundu ya bafle, upande mmoja kisha wa pili. Chini ya 50 ni vizuri. Ikipita 100, huenda transista fulani inaelekea mwisho, na bafle zako zinaweza kulipa. Kisha zungusha kila kitufe na kila swichi na bafle ya bei ndogo imeunganishwa: mkwaruzo wa vumbi unaosafishika haunitishi; upande mmoja unaopotea na kurudi unanitisha.

Kwa iliyokwisha kufunguliwa, tafuta fundi anayeijaribu kwa balbu. Kuna mmoja kule Komini ya Kenya, hapahapa mjini, napenda kumtazama akifanya kazi. Ana kibao chenye holda, ndani yake balbu ya zamani ya uzi ya wati 100, imeungwa mfululizo na prizi. Ampli inachomekwa hapo. Akiwasha, balbu inang'aa mara moja, kwa sababu kapasita kubwa zinajaa, halafu inafifia taratibu hadi uzi wake unabaki mwekundu kidogo tu. Hiyo ni ampli nzima. Ikibaki inang'aa, kuna mahali pameshikana, naye anazima kabla hakijaungua kitu cha pili. Fundi asiye na balbu ile anaijaribu ampli yako moja kwa moja kwenye 220, na kila kosa linaondoka na transista mpya.

Tukizungumzia transista: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 ziko kwenye ampli nyingi sana, na za bandia zimejaa masokoni. Bandia inafanya kazi kwa sauti ndogo, siku ya sherehe inapasuka. Ampli za zamani zenye kipande kimoja cha STK ndani (sehemu ya nguvu nzima ndani ya kipuri kimoja) nazo zina shida hiyohiyo, kwa sababu nyingi kati ya STK hizo hazitengenezwi tena. Uliza ndani mna nini kabla hujapenda sura.

Niishie hapa kwanza, maswali yaje.

---

Mdau wa Katuba: Yaya, asante kwa darasa. Mimi nina ampli ya nguvu ya aina ile ya kanisani, yenye feni nyuma, na mikseta ndogo. Hivyo si tayari ni vipande? Kwa nini ninunue integre?

Mwenye uzi: Ndugu yangu, ni vipande kabisa na vitapiga. Angalia mambo mawili. Feni: kanisani hakuna anayeisikia, sebuleni saa nne usiku utaisikia kuliko gitaa. Na ishara: ampli hizo zimetengenezewa ishara kubwa ya jukwaani, volti 1.2 na kuendelea, kwa hiyo mikseta inazifaa vizuri kuliko simu iliyounganishwa moja kwa moja. Punguza vitufe vya ukuzaji vya ampli hadi mvukemvuke upotee, kisha tumia mikseta kupandisha sauti. Kama umeme wako unarudi ghafla usiku, chomoa ampli kila unapolala. Kama feni haikusumbui, weka pesa yako kwenye bafle na usinunue integre yoyote.

Mama wa Kamalondo: Habari zenu. Baba yetu ametuachia santuri za rumba, nyingi, na mashine yake ya kuzipigia. Watoto wanataka tuziuze. Mimi nataka kuzisikiliza. Ninunue nini, bila kuharibu pesa?

Mwenye uzi: Mama, heshima kwako, na usiziuze. Rumba yetu iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, na sehemu kubwa ya urithi huo uko kwenye masanduku kama hayo yako, majumbani. Anza na sindano. Sindano iliyokwisha inakwangua santuri na hakuna ampli itakayorudisha kilichokwanguliwa, kwa hiyo usipige hata moja kabla hujabadilisha. Kisha integre yenye tundu lililoandikwa "Phono" nyuma. Hilo ndilo lenye ukuzaji wa santuri. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida utapata sauti ndogo isiyo na besi. Waya mwembamba unaotoka kwenye mashine, wenye ncha kama kijiko, ni wa ardhi, ufunge kwenye skurubu iliyo karibu na tundu la santuri, la sivyo kutakuwa na mvumo. Mashine ikae upande mmoja wa meza, ampli upande mwingine, si moja juu ya nyingine. Santuri zisimamishwe wima, zisilazwe. Vipande haviwahusu nyinyi kwa sasa.

Papa wa Kartie Golf: Nimesoma kwa makini, na sikubaliani na wewe kwenye jambo moja kubwa. Mimi nina vipande miaka mingi. Ampli yangu ya nguvu ilipoungua nilipeleka hiyo tu kwa fundi, preampli ikabaki, nikaazima ampli nyingine kwa rafiki na muziki ukaendelea. Mwenye integre akipata shida hiyo nyumba nzima inanyamaza. Hapa kwetu ambako kipuri kinaweza kuchukua miezi kufika, hilo si dogo.

Mwenye uzi: Papa, hoja yako ni nzito na naipokea. Kwa matengenezo vipande vinashinda, na kwa mtu mwenye rafiki wa kumwazima vinashinda zaidi. Ninachoweka upande wa pili wa mizani ni kwamba transfoma mbili au tatu kwenye umeme huu ni milango miwili au mitatu ya hatari, na kinga yake lazima iwe kubwa zaidi. Wewe nadhani una stabilizata ya nguvu na unachomoa. Wengi wananunua vipande kwanza, kinga baadaye, na ile baadaye haifiki. Integre yenye matundu ya preampli inachukua sehemu ya faida yako: ikifa upande wa nguvu, mara nyingi preampli yake bado inaweza kulisha ampli ya kuazima.

Papa wa Kartie Golf: Ni kweli, stabilizata ndiyo niliyonunua ya kwanza kabisa. Hapo tuko pamoja. Na waambie wasikate waya wa ardhi kuondoa mvumo. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Mwenye uzi: Asante Papa, hilo limenipita na ni la uhai na kifo. Vipande viwili vikiwa na waya wa ardhi, vikachomekwa kwenye prizi mbili za mbali, vinaweza kufanya duara na mvumo wa mizunguko 50 ukaingia. Dawa ni kuvichomeka vyote kwenye ubao mmoja wa prizi, na ikibidi, transfoma ndogo ya kutenga kwenye waya wa ishara. Kukata waya wa ardhi ni kumwachia mtoto sanduku la chuma lenye volti 220 siku waya wa ndani ukilegea. Na nyumba zetu nyingi tundu la ardhi la prizi lipo kwa sura tu, nyuma yake hakuna kitu. Ukigusa ampli na vidole vikasisimka, mwite fundi wa umeme apige nguzo ya ardhi uani kabla ya kununua kitu kingine.

Kijana wa Ruashi: Yaya, mimi nina risiva ya sinema ya nyumbani, ya njia tano. Filamu ziko sawa ila muziki unaonekana umekauka. Rafiki ananiambia niuze nichukue vipande.

Mwenye uzi: Mdogo wangu, usiuze haraka. Kwanza zima madoido yote, chagua stereo ya moja kwa moja, na uhakikishe risiva haijaambiwa bafle zako ni "ndogo", maana ikiambiwa hivyo inaondoa besi na kuipeleka kwa bafle ya besi ambayo labda huna. Ukavu mwingi unaishia hapo. Kisha sogeza bafle nusu mita kutoka ukutani, weka zulia mbele yake na pazia zito nyuma yako. Kama bado haijakuridhisha, angalia nyuma: kuna matundu ya preampli ya bafle za mbele? Yakiwepo, integre au ampli ya nguvu ya stereo kwa bafle mbili za mbele itakupunguzia mzigo, risiva ibaki na filamu.

Kijana wa Ruashi: Matundu yapo, nimeyaona sasa hivi. Jumamosi kuna mtu ananionyesha integre iliyotoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Niende na nini?

Mwenye uzi: Kwa iliyotumika Afrika Kusini volti hazitakupa shida, ila bado soma kibati, wengine wanaleta vya kwao kutoka mbali zaidi. Angalia plagi: itakuwa na miguu mitatu minene ya mviringo, usikubali aikate na kufunga nyuzi mbili, nunua adapta yenye ardhi. Nenda na multimita, simu yenye wimbo unaoujua vizuri, waya wake, na bafle moja usiyoiogopea. Iache iwake nusu saa kabla ya kupima tena milivolti, kwa sababu nyingine huanza vizuri na kuharibika zikipata moto. Uliza kama "Main In" ipo nyuma, ndiyo itakayopokea risiva yako bila kupita kwenye kitufe cha sauti. Isipokuwepo usiiache kwa hilo tu, utatumia tundu la kawaida na kitufe utakiweka alama sehemu moja. Ukifika niandikie modeli yake na ya bafle zako hapahapa, na kama una stabilizata, uwezo wake ni ngapi.